Si kila ukungu ni mtoto wa jicho

Mzee akianza kupapasa ukuta anapotoka chumbani, au bibi akimimina chai nje ya kikombe, jibu la nyumbani huwa limeshaandaliwa kitambo: huyo ana mtoto wa jicho, mwacheni akomae, tukishavuna tutampeleka mjini akatolewe. Jibu hilo lina huruma ndani yake, na mara nyingi ni sahihi, maana mtoto wa jicho ndiye anayeongoza duniani kwa kupofusha watu, na upasuaji wake ni miongoni mwa matibabu yenye mafanikio makubwa kabisa. Hatari inaanza pale jina hilo linapogeuka kifuniko cha kila jicho linalofifia kwa mtu mwenye mvi. Chini ya kifuniko hicho hujificha glakoma, ugonjwa unaoongoza duniani kwa upofu usiorudishika. Wa kwanza anaweza kungoja mavuno. Wa pili, kila msimu unaopita bila tiba, hula kipande cha uoni ambacho hakuna daktari awezaye kukirudisha. Nimesoma vya kutosha kuhusu ugonjwa huu kufikia imani moja ninayotaka kuitetea hapa: sehemu ya upofu wa glakoma katika nchi zetu inapitia kwenye maneno tunayoyatumia kuutaja, na kuyanyoosha maneno hayo ni sehemu ya matibabu yenyewe, sawa na kuandika cheti cha dawa.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Nyuma ya mboni, lile tundu jeusi katikati ya jicho, kuna lenzi, ambayo kwa kijana huwa angavu kama kioo cha taa ya chemni kilichofutwa vizuri. Umri ukisogea inaingia ukungu, na mwenye jicho huona dunia kana kwamba kioo kile kimepata moshi. Daktari huitoa lenzi iliyochafuka, akaweka nyingine ya kutengenezwa, na kwa bingwa aliyezoea kazi hiyo haimalizi saa moja. Kwa kuwa sehemu za nyuma ya jicho ni nzima, nuru ikishafunguliwa njia, uoni hurudi. Neno "kukomaa" limetokana na enzi ambapo madaktari walitaka lenzi iwe ngumu kabisa ndipo waitoe. Siku hizi hakuna haja hiyo, na kuna wakati kungoja kunaleta balaa: mtoto wa jicho aliyeachwa akapitiliza anaweza kuvimba, akaziba njia ya maji ndani ya jicho na kuleta glakoma juu yake. Hivyo hata kwa ugonjwa ambao neno hilo liliutaja kwa usahihi, ushauri wa kungoja umeshapitwa na wakati. Kwa ugonjwa mwingine haukupata kufaa hata siku moja.

Glakoma hushughulika na sehemu nyingine kabisa. Mbele ya lenzi kuna maji angavu ambayo hayahusiani na machozi, na inafaa kulisema hili waziwazi kwa sababu mtu akiambiwa "maji ya jicho lako hayatoki vizuri" hujishika shavu kuona kama limelowa. Maji haya hutengenezwa ndani kwa ndani, usiku na mchana, kiasi cha mikrolita mbili hadi tatu kwa dakika. Tone moja linalodondoka kutoka kwenye kichupa cha dawa ya macho lingehitaji dakika 15 hadi 20 kutengenezeka kwa kasi hiyo. Maji hulisha lenzi na konea, kile kioo cha mbele cha jicho, kisha hutoka kupitia kichujio kilicho kwenye pembe, pale konea inapokutana na airisi, ile duara yenye rangi. Kichujio kikizembea, maji yanabaki, na jicho linakaza kama mpira uliojazwa upepo kupita kiasi. Nyuma kabisa, mahali ambapo nyuzi za mshipa wa fahamu zinatoka nje ya jicho kuelekea kwenye ubongo, ndipo panapoumia. Nyuzi hizo zinakaribia milioni moja, au zaidi kidogo. Uzi mmoja ukifa haukui tena, na hakuna anayeuona ukifa, hata mwenye jicho.

Wala hatuna sababu ya kuona aibu kwamba Kiswahili kimechanganya magonjwa haya mawili, kwa maana waliolitunga neno glakoma walichanganya vilevile. Kwa Wagiriki wa kale, glaukos ilikuwa rangi iliyo kati ya kijani, buluu na kijivu, na katika maandishi yanayohusishwa na Hippocrates hali ya mboni kuwa na rangi hiyo inatajwa miongoni mwa maradhi ya uzeeni. Nyuma ya neno hilo kulikuwa na kila aina ya mboni iliyobadilika rangi. Kwa karne nyingi matabibu wa Ulaya waliamini mtoto wa jicho ni uchafu unaotiririka kutoka kichwani ukatuama mbele ya lenzi, na ndiyo maana jina lake la Kilatini linamaanisha maporomoko ya maji. Mwaka 1705 Mfaransa Michel Brisseau alilipasua jicho la askari aliyekufa akakuta ukungu uko kwenye lenzi yenyewe. Ilibidi kungoja hadi 1851, Hermann von Helmholtz alipobuni kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho la mtu aliye hai, ndipo madaktari walipouona mshipa wa fahamu uliochimbika wakaelewa glakoma inaharibu wapi. Ukungu wa maneno ulitangulia, na ulipoanza kuondoka tiba ikafuata: mwaka 1857 Albrecht von Graefe alikuwa tayari anatangaza upasuaji wa kwanza wa kufaa kwa aina moja ya ugonjwa huu.

Lugha nyingine zilifika mahali zikayapa magonjwa haya majina yanayokwenda kwa jozi. Waarabu husema maji meupe na maji ya buluu, Wajerumani hutofautisha kwa kijivu na kijani, na katika Kihindi kuna mweupe na mweusi. Hazina ya jozi ni kwamba jina la kwanza linakukumbusha la pili. Mtu akikwambia jirani yake ana "maji" jichoni, utauliza bila kufikiri: maji yapi? Kwetu jozi hiyo haipo. Mtoto wa jicho hana ndugu. Tuna "chamba", tuna "vikope" kwa trakoma, na kwa glakoma tuna jina la kigeni lisilomwambia mtu chochote, ama tafsiri ya haraka ya hospitalini, "presha ya macho". Jina la kigeni nalo lina mtego wake: glakoma na trakoma hukaribiana mno masikioni mwa mtu aliyekaa kwenye benchi la kliniki tangu alfajiri. Kongwa, mkoani Dodoma, ni mahali palipojulikana kwa miongo mingi kwa utafiti wa trakoma. Hapohapo watafiti walipima watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, wakakuta zaidi ya watu 4 katika kila 100 wana glakoma. Vikope vina inzi, vina uso wa kunawa, vina kampeni na dawa ya kugawa kijijini. Glakoma, yenye jina linalofanana, haina hata kimoja kati ya hivyo.

Sasa neno "presha". Kwa Kiswahili cha kila siku presha ni ugonjwa wa mtu mzima, ule unaopimwa kwa kufungwa mkanda mkononi. Ukisema mama fulani ana presha, hakuna atakayeuliza ya wapi. Basi mgonjwa akiambiwa ana presha ya macho huielewa kama tawi la ile anayoijua: presha imepanda mpaka imefika machoni. Kutokana na hapo mambo mawili hufuata. La kwanza, anaona kidonge chake cha kila asubuhi kinatosha kutibu kote kuwili, ilhali presha ya damu na presha ya jicho hupimwa kwa vifaa tofauti, hutibiwa kwa dawa tofauti, na mmoja anaweza kuwa nayo hii bila ile. Hata namba zake zinapotosha. Presha ya jicho kwa watu wengi huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Mtu aliyezoea kusikia 140 au 160, akiambiwa jicho lake lina 28, anaweza kwenda nyumbani akifurahi kwamba imeshuka kweli.

La pili ni zito zaidi, na hata baadhi ya wahudumu wa afya hulisahau: presha yenyewe si ugonjwa. Ugonjwa ni kufa kwa mshipa wa fahamu, na presha ni kichocheo kikubwa, na kwa sasa ndicho pekee ambacho tuna dawa ya kukishusha. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia watu 1,636 wenye presha ya jicho iliyopanda lakini mshipa bado mzima. Baada ya miaka mitano, kati ya waliotiwa dawa asilimia 4.4 walikuwa wameingia glakoma. Kati ya walioachwa bila dawa, asilimia 9.5. Dawa ilipunguza hatari kwa zaidi ya nusu, na hilo ni jambo kubwa. Ila tazama upande wa pili: wasiotibiwa zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuwa na glakoma katika kipindi hicho, ingawa presha yao ilikuwa juu. Na huko Tajimi, Japani, utafiti wa 2004 ulionyesha kwamba asilimia 92 ya waliokuwa na glakoma ya pembe wazi presha ya macho yao ilikuwa 21 au chini ya hapo. Japani ina hali yake na sisi tuna yetu, lakini maana haibadiliki. Mtu aliyepimwa presha ya macho kwenye banda la maonyesho akaambiwa "iko sawa" hajaambiwa kwamba hana glakoma. Ameambiwa namba moja, ya saa moja, na jina tulilolizoea ndilo lililomfanya aichukue kuwa hukumu yote.

Wapo watakaonipinga kwa hoja nzuri, na naikubali nusu yake. Watasema neno presha lina faida ambayo hakuna istilahi mpya itakayoifikia: kila mtu anajua kwamba presha haiponi, hutulizwa, na dawa yake humezwa kila siku hata siku ambayo mtu anajisikia mzima. Hayo ndiyo hasa glakoma inayoyataka. Ukimpa mgonjwa neno lililoundwa ofisini, hata kama limepimwa na wanaisimu wote, utakuwa umemnyang'anya kitu anachokijua ukampa kitu atakachokisahau getini. Ni kweli. Sitaki neno presha lifukuzwe. Nataka lisiachwe peke yake. Presha ya macho inayoua mshipa wa fahamu wa jicho: maneno tisa, na yote ni ya watu wa kawaida. Kichocheo kimetajwa, na kinachokufa kimetajwa pia. Mtu akishasikia kwamba kuna kitu kinakufa, swali lake la kwanza haliwi tena namba ni ngapi, linakuwa: kimekufa kiasi gani, na kimebaki kiasi gani?

Hata hapo kuna neno la kuangaliwa, nalo ni "mshipa". Katika Kiswahili mshipa hubeba damu, hubeba hisia, na mitaani ni jina la ugonjwa wa kinena. Daktari akisema mshipa wa jicho umeharibika na kuishia hapo, msikilizaji atafikiria damu, na akifikiria damu atafikiria kusafisha, kuzibua, kuongeza. Wauzaji wa dawa za miti wanaoahidi "kuzibua mishipa ya macho" wanatembea juu ya daraja hilohilo. Ndiyo maana sikati "wa fahamu" hata kama sentensi inarefuka. Mshipa wa fahamu ni waya unaopeleka picha kwenye ubongo. Waya uliokatika hauzibuliwi.

Kiasi gani kimekufa, madaktari hukiandika kwa picha ambayo mtu yeyote aliyewahi kunywa chai kwa wageni ataielewa papo hapo. Wakichungulia nyuma ya jicho huona duara la rangi ya chungwa hafifu, ambalo ni kichwa cha mshipa wa fahamu, na katikati yake kishimo cheupe zaidi. Wao huita kishimo hicho kikombe, na duara lote ni kisahani. Kwa watu wengi kikombe ni kidogo, kama tatu ya kumi ya upana wa kisahani, na ukingo unaokizunguka ndio nyuzi zenyewe zilizo hai. Nyuzi zikifa ukingo unaliwa na kikombe kinapanuka: tano ya kumi, saba, tisa. Kikombe kikilingana na kisahani hakuna kilichobaki. Namba hiyo huandikwa kwenye daftari la kila mgonjwa, 0.4, 0.7, 0.9, na wagonjwa wengi hulibeba daftari hilo miaka na miaka bila kujua kwamba habari yao yote imo katika namba ile. Wapo wanaozaliwa na kikombe kikubwa na hawana ugonjwa wowote, kwa hiyo namba moja haitoshi. Kinachomwambia daktari ukweli ni namba ya leo ikiwekwa kando ya ile ya mwaka jana, na ndiyo sababu daftari halipaswi kupotea wala kufungiwa maandazi.

Neno la tatu ni jepesi kuliko yote, na kwa hiyo linadanganya kuliko yote: "kuona". Tunauliza mtu, unaona? Anajibu, naona. Hospitalini husimamishwa mita sita kutoka kwenye ubao wa herufi, akazisoma hadi mstari wa chini, akaandikiwa 6/6. Kumbe kuna kuona kwa ukali na kuna kuona kwa upana, na glakoma ya kawaida huanza na upana ikauacha ukali mpaka mwisho. Shirika la Afya Duniani humhesabu mtu kuwa kipofu hata kama bado anasoma herufi, ikiwa upana wa jicho lake bora umebaki nyuzi 10 au chini ya hapo kutoka katikati. Mtu wa namna hiyo anaweza kusoma gazeti na dakika inayofuata akajikwaa kwenye kigoda kilichowekwa mlangoni, na nyumbani wakamwona mzembe.

Lakini kwa nini asijue kwamba upana unampotea? Jaribu jambo hili sasa hivi. Andika alama ya X kwenye pambizo ya karatasi, kisha upande wake wa kulia, umbali wa sentimita nane, weka nukta nzito. Funga jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia itazame X bila kuhama, karatasi ikiwa umbali wa kama sentimita 30, halafu isogeze taratibu mbele na nyuma. Mahali fulani nukta itatoweka. Angalia kilichobaki pale ilipokuwa: hakuna shimo jeusi, kuna karatasi nyeupe. Kila jicho lina doa lisiloona, palepale kwenye kile kisahani ambapo nyuzi zinatokea, na ubongo hulijaza kwa kukopa rangi ya jirani. Umeishi na doa hilo tangu kuzaliwa na hukulijua. Glakoma huongeza madoa ya namna hiyo, na ubongo unaendelea kukopa. Jicho moja likikosa, la pili linafidia. Kwa hiyo mtu anaposema "naona vizuri" hasemi uongo hata kidogo. Huko Barbados na Baltimore, ambako watu walipimwa mtaa kwa mtaa, karibu nusu ya waliokutwa na glakoma hawakuwa wakijua. Hao walikuwa na kliniki karibu.

Kutoka kwenye kuona tunafika kwenye "kupona", na hapa ndipo matibabu mengi huvunjika. Dawa, kwa uelewa wetu, ni kitu kinacholeta nafuu inayosikika. Mgonjwa wa glakoma hupewa kichupa, hutia matone mwezi mzima, na hakuna kinachobadilika. Haoni zaidi. Pengine jicho linawasha kidogo. Amelipa nauli, amelipa dawa, na jicho ni lilelile. Kuacha dawa, kwa hesabu hiyo, ni uamuzi wa mtu mwenye akili zake. Kosa liko kwenye ahadi aliyopewa, au aliyojipa mwenyewe kwa kuwa hakuna aliyemwambia vingine: dawa ile imewekwa kulinda kilichobaki, na jicho kubaki lilelile ndiyo mafanikio yake.

Jina "operesheni ya macho" lina shida hiyohiyo, na madhara yake huenea kijiji kizima. Jirani aliyetolewa mtoto wa jicho alifunguliwa bandeji akamtambua mjukuu wake. Mwenye glakoma naye anafanyiwa "operesheni ya macho", ule upasuaji wa kuchimba mfereji mdogo wa kupitishia maji ambao John Cairns aliueleza mwaka 1968, anafunguliwa bandeji, na anaona kama jana au pungufu kidogo. Kwa daktari kazi imekwenda vizuri, presha imeshuka. Kwa kijiji operesheni imeshindikana, na habari hiyo itamzuia hata yule mwenye mtoto wa jicho ambaye angepona kabisa. Laiti tungeiita moja kutoa ukungu na nyingine kufungua njia ya maji, watu wasingengoja matokeo ya hii kwa ile.

Vivyo hivyo "dawa ya macho". Duka la dawa huuza vichupa vinavyofanana, na mteja husema tu "naomba dawa ya macho, yananiwasha". Baadhi ya vichupa hivyo vina deksamethasoni au dawa nyingine za jamii ya steroidi, ambazo hutuliza mzio kwa siku mbili na mtoto akaacha kufikicha macho. Kwa baadhi ya watu dawa hizo zikitumiwa wiki hadi wiki hupandisha presha ya jicho na kuleta glakoma, kwa mtoto wa shule ambaye tatizo lake lilikuwa vumbi. Kwa upande mwingine timolo, dawa nzuri ya glakoma iliyo nafuu kwa bei, inaweza kumbana kifua mwenye pumu na kupunguza mapigo ya moyo, kwa sababu tone la jicho halibaki jichoni. Hupita kwenye kitundu cha pembeni karibu na pua, likaingia kooni, na ndiyo ule uchungu ambao wagonjwa huuonja. Ukishadondosha, fumba jicho na ubonyeze kona hiyo ya ndani kwa kidole dakika moja au mbili. Dawa itabaki inapotakiwa. Na mwenye pumu aseme "nina pumu" kabla cheti hakijaandikwa, hata kama amekuja kwa ajili ya macho.

Pingamizi kubwa zaidi ni la wale wanaosema yote haya ni anasa. Watu wanapofuka kwa kukosa daktari, kukosa nauli na kukosa dawa, na maneno mazuri hayashushi presha hata milimita moja. Siwezi kuupuuza ukweli huo. Madaktari bingwa wa macho wamejaa mijini na wachache mno mikoani, na kichupa cha kila mwezi kwa maisha yote ni mzigo kwa mkulima. Lakini tuangalie kilichofanyika Moshi, katika hospitali ya KCMC. Watafiti waligawa wagonjwa 201 makundi mawili: kundi moja lilipewa matone ya timolo, lingine lilipigwa mwale wa leza kwenye kichujio cha pembe, tiba ya dakika chache. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilikuwa imefanikiwa katika asilimia 61 ya macho ya waliopigwa leza, na asilimia 31 ya macho ya waliotia matone. Hiyo ni njia inayoweza kumwondolea mkulima mzigo wa kichupa, ingawa leza nayo inahitaji kurudi kupimwa na wakati mwingine kurudiwa. Sasa fikiria mashine hiyo imefika kila mkoa. Nani atakwenda kukaa mbele yake? Asiyeumwa popote, anayesoma ubao hadi mstari wa mwisho, na anayeamini macho ya wazee hungojwa yakomae? Vifaa na maneno vinahitajiana, na kati ya hivyo viwili maneno ndiyo tunayoweza kuanza nayo leo bila bajeti.

Wengine huogopa kwamba kumwambia mgonjwa kilichopotea hakirudi ni kumvunja moyo. Moyo huvunjika zaidi mwezi wa tatu wa matone, anapogundua mwenyewe. Aliyeambiwa mapema kwamba ana sehemu sita ya kumi ya kulinda anayo sababu ya kuamka na kutafuta kichupa chake.

Nisiache kutaja glakoma mbili zisizofuata utaratibu wa kimya. Ya kwanza ni ile ya pembe iliyofunga ghafla: jicho jekundu, maumivu makali ya jicho na kichwa, kutapika, na duara za rangi kuzunguka taa. Kwa kuwa mtu anatapika huweza kutibiwa tumbo au malaria, na hilo ni jambo la kukimbizwa hospitali usiku uleule. Ya pili ni ya watoto wachanga. Presha hulitanua jicho lao laini, likawa kubwa, la kung'aa, na watu humsifu mama kwa kuzaa mtoto mwenye macho mazuri. Wataalamu huliita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya jicho la ng'ombe. Mtoto huyo hutokwa machozi bila kulia na hukimbiza uso kila dirisha likifunguliwa. Akiwahiwa huokolewa.

Kuhusu wakubwa, umri wa kuanza kupimwa ni 40, na mapema zaidi kwa mwenye ndugu aliyeugua, kwa sababu glakoma hutembea katika ukoo na ndugu wa tumbo moja hatari yao ni mara kadhaa ya watu wengine. Hapa ndipo ningependa maneno yafike mbali kuliko chumba cha daktari. Mgonjwa akirudi nyumbani akasema "wamenikuta na presha ya macho", wadogo zake watampa pole na kuendelea na chakula. Akisema "mshipa wa fahamu wa jicho langu la kushoto umekufa nusu na sikuhisi kitu, na wamesema nanyi mpimwe, si presha peke yake, wachungulie mpaka nyuma", kuna mmoja mezani pale atakayefunga jicho moja, kisha la pili, akatazama ukutani.